Barua kwa Baba Mdogo kuhusu wakala, Salimu na vyuo vya Chicago

Chicago, mwezi wa Juni

Baba Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama wewe, Mama Mdogo na wote waliopo Ngamiani, na kwamba Bibi anaendelea vizuri na miguu yake. Sisi huku hatujambo. Joto limeanza, watoto wamefunga shule, na kazi zinakwenda.

Barua yako nimeipata, na maneno uliyompa Mwanaidi aniambie kwa simu nimeyasikia. Nimesoma kwa makini habari ya dola 2,000 ambazo yule wakala anazitaka kabla ya mwisho wa mwezi ili Salimu apate nafasi ya chuo hapa Chicago. Nakujibu waziwazi kwamba fedha hizo sitazituma. Sikatai kumsomesha Salimu, maana yeye ni mdogo wangu na haki yake kwangu naijua. Ninayemkataa ni wakala, na sababu zangu nitazieleza zote ili isije ikasemwa barazani kwamba Rehema amefika Marekani akasahau kwao.

Jina la chuo lililoandikwa katika ile karatasi ya wakala linafanana na la Chuo Kikuu cha Chicago, lakini sicho. Chuo cha kuaminika hapa lazima kiwe na ithibati, na shirika kubwa linaloitoa katika majimbo ya huku, Higher Learning Commission, lina makao yake katika mji huu huu, na orodha ya vyuo vyake iko wazi kwa kila mtu. Nimelitafuta mara mbili, jina hilo halimo. Tena chuo kinachopokea mgeni lazima kiwe kimeruhusiwa na serikali kutoa fomu ya I-20, ambayo bila hiyo ubalozi hautoi viza ya mwanafunzi, na katika orodha ya serikali pia hakimo. Isitoshe, ada ya maombi hulipwa chuoni moja kwa moja. Haipiti kwenye simu ya mtu binafsi.

Ama Chuo Kikuu cha Chicago chenyewe, hicho nakifahamu, na nakiheshimu kama wewe unavyokiheshimu. Kilianzishwa mwaka 1890 kwa fedha za John D. Rockefeller, na tarehe 2 Desemba 1942, chini ya majukwaa ya uwanja wake wa zamani wa mpira, Enrico Fermi na wenzake waliwasha kwa mara ya kwanza nguvu za nyuklia zilizoweza kujiendesha zenyewe. Obama alifundisha sheria hapo kwa miaka 12 kabla hajaenda Seneti ya Marekani. Lakini gharama zake kwa mwaka zinapita dola 85,000, na katika kila waombaji 100 huchukua takriban watano. Salimu akipata alama za juu kidato cha sita na aombe mwenyewe, nami nitakaa naye kwenye simu mpaka fomu ijae.

Sasa, Baba Mdogo, niruhusu niseme lililonikaa moyoni, kwa heshima zote ninazokupa. Kwenye harusi ya Mwanaidi uliwaambia wajomba wa Pangani, Mama akiwa anasikia, kwamba Rehema hasomi chuo kikuu, anasoma koleji ya mtaani inayochukua kila mtu. Mama alinyamaza kwa sababu ni shemeji yako na ni harusi ya watu, lakini mimi neno hilo lilinifikia, na limeniuma kuliko baridi yote ya huku.

Ni kweli nilianza katika Harold Washington College, kimojawapo cha vyuo saba vya mji, ambavyo cha kwanza chake kilianza mwaka 1911. Kweli pia kwamba milango yake iko wazi kwa wengi, na hilo ndilo ninalolipenda. Kiko katikati kabisa ya mji, mtaa wa Lake, ambako treni hupita juu ya barabara kwenye reli za chuma, na ikipita, vioo vya dirisha hutetemeka na mwalimu wetu wa hesabu hushusha kalamu, akasubiri, kisha akaendelea na sentensi yake pale pale alipoiachia. Darasani nilikaa kati ya mama wa Kimeksiko anayesafisha vyumba vya hoteli na kijana aliyetoka jeshini, na hakuna aliyekuja pale kupoteza wakati. Saa moja ya masomo, yaani saa moja kila wiki kwa muhula mzima, niliilipia dola 146 kwa kuwa mimi ni mkazi wa mji. Mtu husoma miaka miwili kwa bei hiyo, kisha masomo yake yanahamishiwa chuo kikuu na anaingia mwaka wa tatu na wenzake. Kuna vijana wa huku wenye baba matajiri wanaofuata njia hiyo hiyo.

Na huyo Harold Washington ambaye chuo kimeitwa kwa jina lake hakuwa mtu mdogo. Mwaka 1983 alichaguliwa kuwa meya wa kwanza mweusi wa Chicago, na alifia madarakani mwaka 1987. Alisoma chuo cha Roosevelt, hapa hapa mjini, na mimi nilihamia huko huko.

Chuo hicho cha Roosevelt napenda ukijue, Baba Mdogo, maana nadhani ukikijua utakipenda. Mwaka 1945 bodi ya chuo kimoja cha YMCA hapa mjini ilimtaka mkuu wa chuo, Edward Sparling, awahesabu wanafunzi kwa rangi na dini zao. Sparling alielewa kwamba hesabu ile ingetumika kupunguza weusi na Mayahudi, akakataa, akajiuzulu. Walimu walipiga kura 62 kwa 1 kumfuata, na wanafunzi 488 kwa 2. Wakaondoka pamoja wakaanzisha chuo kipya bila majengo wala akiba, na Eleanor Roosevelt akaja kukizindua mwaka huo huo. Watu hao waliacha mishahara yao kwa ajili ya wanafunzi kama mimi, ambao hawajawaona na wasingewaona kamwe.

Mwezi uliopita nimetunukiwa shahada yangu ya uhasibu ya chuo hicho, kwa heshima za juu, ndani ya jumba la Auditorium lililojengwa mwaka 1889, lenye matao ya dhahabu yaliyopangwa taa kuanzia jukwaani hadi juu darini. Nilitembea jukwaani nimevaa joho, jina letu likasomwa lote, pamoja na la Babu. Familia ya Kinaijeria iliyokaa nyuma ilishangilia mpaka watu wakageuka, lakini binti aliyekuwa akisherehekewa hakuwa mimi. Nilitamani vigelegele vya Shangazi hata kimoja, nikatamani na harufu ya mkeka wa baraza yetu baada ya mvua. Mambo ya kazi za usiku yaliyonifikisha pale hayana haja ya kuelezwa. Kazi nimeshapata, ya mchana, kwenye ofisi ya wahasibu.

Nirudi kwa Salimu. Akija na viza ya mwanafunzi hatahesabiwa mkazi, na katika vyuo vile vya mji atatozwa zaidi ya mara tatu ya nilichotozwa mimi. Kwa kawaida ataruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo tu, saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo, na fedha hizo hazifikii kodi ya chumba. Kwa hiyo ninachopendekeza ni hiki: amalize kidato cha sita, asome shahada ya kwanza Dar es Salaam au Dodoma, na kitakachobaki baada ya Bodi ya Mikopo nitakilipa mimi. Kwa shahada ya pili mambo hubadilika, kwa sababu vyuo vikuu vya huku huwalipia ada baadhi ya wanafunzi wanaosaidia kufundisha na kufanya utafiti. Northwestern, chuo kilichopo Evanston, kaskazini tu ya mji, kina programu ya masomo ya Afrika tangu mwaka 1948. Eduardo Mondlane, yule wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, uliyekuwa ukitusimulia habari za kuuawa kwake Dar es Salaam, ndiko alikopata shahada yake ya uzamivu. Maktaba yao ina maelfu ya picha za Afrika Mashariki za kati ya mwaka 1860 na 1960, na siku niliyozitazama nilishindwa kuondoka mbele ya majahazi ya Unguja.

Kama Salimu ameshampa wakala pasi au vyeti halisi, tafadhali nenda naye wiki hii mkavichukue, msiache hata kimoja. Ada ya muhula wake nimemtumia Mama, yeye atakukabidhi. Na utakapokutana tena na wajomba wa Pangani, nakuomba uwaambie nilichosoma na nilikosomea.

Nisalimie Bibi, Mama Mdogo, Shangazi na watoto wote.

Wasalaam,
Mwanao Rehema