Vidole Vifuate Mpira

Kisumu,
Jumapili jioni

Mpendwa Nafula,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Watoto wazima, mimi mzima, ila joto la wiki hii limetuchosha sote. Nimesoma ujumbe wako kwamba Jumatatu ijayo unatoka kliniki ya mama na mtoto na kuingia wodi ya wagonjwa mahututi hapo Nakuru. Nimefurahi sana. Wagonjwa wa huko wamepata mtu.

Ulichoniuliza mwishoni ndicho kimenifanya nikae niandike barua badala ya kukupigia simu. Ulisema walipokuzungusha wodini mashine hazikukutisha, kilichokutisha ni ile mipira inayoingia mwilini mwa wagonjwa, na nyaya. Ulisema mzee wa kitanda cha dirishani alikuwa kama samaki aliyenasa wavuni, hata hukujua ungemshika wapi. Nafula, hofu hiyo usiifukuze haraka. Mimi nilikuwa nimeshaizoea mipira, na kuizoea ndiko kulikokaribia kuniharibia maisha, na ya mama wa watu pia.

Hili sijawahi kukusimulia. Ulikuwa mwaka wangu wa pili katika kazi hii, zamu ya usiku, kwenye hospitali niliyokuwa wakati huo. Stima ikapotea. Mashine zenye betri ziliendelea kulia, lakini taa zilizima zote na jenereta ilikuwa bado haijashika. Nilikuwa na mama mmoja mwenye mpira wa puani wa kulishia, na mwingine shingoni, ule unaoingia kwenye mshipa mkubwa. Yote miwili ilipitishwa upande wa kulia, ikaingia chini ya shuka moja, ikatokeza pamoja karibu na bega. Nilikuwa nimesaga vidonge vyake vya presha na kuvikoroga kwa maji ndani ya sirinji ya kawaida, hii tunayotumia kila siku kwa dawa za mshipa. Simu ilikuwa mdomoni, nimeiwasha tochi. Nikashika mdomo wa mpira uliokuwa karibu, nikafungua kifuniko, nikachomeka sirinji. Ikaingia, ikakaza vizuri kabisa.

Kidole gumba kilikuwa tayari kwenye sirinji. Kabla sijasukuma, mkono wa kushoto ukashuka wenyewe kuufuata ule mpira. Vidole vikapita begani, vikapita juu ya plasta, vikaishia shingoni. Nikaichomoa sirinji na kuiweka kwenye trei, nikasimama gizani magoti yakinitetemeka. Unga ule ungeingia kwenye mshipa, ungepita moyoni na kwenda kukwama mapafuni. Mama yule angenifia mkononi, na nisingejua kwa nini.

Asubuhi nilimweleza sista wetu mkuu, tukaandika ripoti. Hakunigombeza. Alinishika mkono akanirudisha hadi kitandani, akaniambia, "Anza kwenye ngozi, nenda hadi chupani." Tukaupitia kila mpira hivyo, mmoja baada ya mwingine, yeye akiwa kimya. Tangu siku ile sijawahi kuunganisha kitu, wala kufungua, wala kukabidhiwa mgonjwa, kabla vidole vyangu havijatembea kutoka mwilini mwake hadi mpira unakoanzia au unakoishia. Macho hayatoshi, kwa sababu macho huruka pale shuka inapofunika. Hili ndilo ninalotaka ulishike, hata mengine yote ukiyasahau.

Baadaye nilipata kujua kwa nini ile sirinji iliingia vizuri namna ile. Kile kiungio kinaitwa Luer, kwa jina la fundi wa vifaa vya tiba aliyeishi Paris katika karne ya 19. Kina mteremko wa asilimia 6, na kwa kuwa viwanda vyote vinaufuata mteremko huo huo, dume la kiwanda hiki linakaa kwenye jike la kiwanda kile bila shida. Kwa dripu hiyo ni baraka. Lakini mdomo ule ule umewahi kutumika kwenye mipira ya kulishia, hata kwenye mpira wa kupimia presha, na hapo ndipo watu wamekufa katika nchi nyingi, tajiri na maskini. Mwaka 2016 kilitoka kiwango cha kimataifa, ISO 80369-3, ambacho kinaipa mipira ya kulishia mdomo wake wa pekee usioweza kuingia kwenye mshipa. Mimi vifaa hivyo sijavipata wodini kwetu. Uliza kama huko vipo. Visipokuwepo, dawa za puani zitoe kwa zile sirinji kubwa za mdomo mnene, za mililita 50 au 60, ambazo haziwezi kukaa kwenye kiungio cha dripu hata ukilazimisha.

Unamkumbuka baba yangu mdogo wa Dunga, aliyetupikia ngege siku ile ulipokuja? Huyo anatega mbuta kwa kamba ndefu yenye ndoano nyingi. Kamba ikijisokota hutamwona akiivuta. Anatafuta ncha, anakaa chini, anaifuata kwa vidole ndoano hadi ndoano, anaweka pembeni kila iliyokwisha kutoka. Nilipokuwa mdogo niliwahi kuvuta nikidhani nasaidia, fundo likakaza zaidi na ndoano ikanichoma kiganja. Kila ninapokuta kitanda kilichochafuka nyaya namkumbuka, na mikono inapunguza haraka.

Sasa kuhusu kupanga. Wodini kwetu tunafuata utaratibu mmoja ambao naupenda kwa sababu mtu anaukumbuka hata akiwa amechoka: kilichoingia mwilini juu ya kiuno kinaelekea kichwani mwa kitanda, kilichoingia chini ya kiuno kinaelekea miguuni. Kwa hiyo mpira wa kupumulia, wa puani, dripu za shingo na mikono, vyote juu. Mpira wa mkojo chini. Mpira wa kifuani peke yake ndio unavunja utaratibu, kwa sababu chupa yake lazima ikae chini ya kifua, wima, ili maji yake yasirudi ndani ya mgonjwa. Na nyaya za umeme zipitishe upande tofauti na mipira ya maji kama nafasi inaruhusu. Dripu ikivuja, isivujie kwenye soketi.

Mpira wa mkojo watu huudharau, nao una mambo yake. Mfuko ukae chini ya kibofu lakini usiguse sakafu. Mpira usilale chini ya paja, utabonyea na mkojo utasimama, halafu daktari atakuja kudhani figo zimekataa. Mnapomhamisha mgonjwa kwenda eksirei, utaona mtu anaubeba ule mfuko na kuuweka juu ya tumbo la mgonjwa ili mikono iwe huru. Mkataze kwa upole. Mkojo wa jana unarudi kibofuni na wadudu wake wote. Umwageni kwanza, kisha uning'inizeni upande ule ule wa machela mnakoelekea.

Plasta nazo, hapa Kisumu jasho linazibandua kufikia saa nane mchana. Nakuru kuna baridi, zitakaa. Ya puani ipasue nusu iwe kama suruali: kiuno kinakaa juu ya pua, mguu mmoja unauzunguka mpira kuelekea kulia, wa pili kuelekea kushoto. Halafu ncha ya mwisho ikunje kidogo ijishike yenyewe, iwe kama sikio. Atakayekuja kuibandua akiwa na glavu atakushukuru, na ngozi ya mgonjwa haitachubuka mtu akikwangua kwa kucha. Mwachie mpira ulegee kidogo kabla ya plasta, tao dogo tu, ili mtu akijikwaa uvutike ule ulegevu, usivutike mshipa.

Kuna jambo lililoniuma mwaka jana. Tulimgeuza mzee mmoja, mvuvi wa zamani, na mgongoni kwake, karibu na bega la kushoto, kulikuwa na alama. Nilidhani ni kovu. Nilipoinama niliona ni umbo la kile kibanio cha waya za kupimia moyo, na kila mfereji wake, umechapwa kwenye ngozi kama muhuri, katikati pamegeuka zambarau. Alikuwa amelalia kile kitu saa kadhaa, na kwa kuwa alikuwa na dawa ya usingizi hakuweza kusema. Tunahesabu saa mbili mbili kumgeuza mgonjwa asipate vidonda, halafu tunamgeuza juu ya kifaa chetu wenyewe. Sasa kila nikimgeuza mtu napitisha kiganja chini yake, kuanzia shingoni hadi visiginoni, kabla sijavuta shuka.

Wakati wa kumgeuza, anayeshika kichwa na mpira wa kupumulia ndiye anayehesabu. Wengine wote wanamsubiri yeye, hata awe mdogo kuliko wote wodini. Kabla hajasema "moja," kila mtu aseme kwa sauti ameshika nini. Dripu ya adrenalini isisahauliwe kamwe. Ikibanwa, presha inaporomoka ndani ya dakika chache. Na mtu akisukuma dawa nyingine kupitia mpira huo huo, ile adrenalini iliyolala ndani inaingia yote kwa mpigo. Mimi huufunga utepe mwekundu karibu na mgonjwa na tena karibu na pampu, nimeandika "Usisukume dawa hapa."

Rangi za nyaya za moyo zisikudanganye. Mashine zetu nyingi, nyekundu ni mkono wa kulia, njano mkono wa kushoto, kijani mguu wa kushoto, nyeusi mguu wa kulia. Lakini ukikuta mashine ya msaada kutoka Marekani, nyekundu ni mguu wa kushoto, na mkono wa kulia ni nyeupe. Tulizikuta zote mbili kwenye chumba kimoja. Soma herufi zilizo kwenye vibanio, usiamini rangi.

Jambo la soketi nalo nitakwambia, maana litakukuta. Kuna binti mmoja aliyekuja kumuuguza baba yake kutoka upande wa Ahero. Usiku simu ilimzimikia, na nyumbani walikuwa wanasubiri habari. Akaona ekstensheni imejaa, akachomoa plagi moja, akaweka chaja. Ile plagi ilikuwa ya mashine ya oksijeni ya jirani. Kengele yake ililia, nesi aliyekuwa karibu akaruka, hakuna aliyeumia. Binti alilia hadi asubuhi. Wapo wenzangu waliotaka jamaa wote wafukuzwe wodini, nami nilikataa na bado nakataa. Mtoto anayekesha na babake anahitaji simu. Tuliweka ekstensheni nyingine karibu na mlango na karatasi kubwa: "Chaji simu hapa." Plagi za mashine tukazizungushia utepe mwekundu, na kila jamaa akifika tunamwonyesha. Halijatokea tena.

Na wale wanaojivuta mipira, wanaoweweseka usiku, usikimbilie kuwafunga mikono. Akivuta mpira wa mkojo na puto lake likiwa limejaa ndani, ataumia vibaya, najua, nimeona damu hiyo. Lakini mikono iliyofungwa huhangaika zaidi. Pitisha dripu ndani ya mkono wa shati, izungushie bendeji asiione. Ondoa kisichohitajika tena, kila asubuhi muulize daktari, "Huu bado una kazi?" Na mwambie mgonjwa kila unapomgusa: "Mzee, huu ni wa mkojo, huu ni wa chakula, huyu hapa ni mwanao." Mwanawe akae upande usio na nyaya. Pawepo siku zote upande mmoja ambao mtu wake anaweza kumshika mkono bila kuomba ruhusa.

Kesho asubuhi nitakutumia mzigo kwa matatu inayopitia Kericho. Ndani kuna rola sita za utepe wa karatasi, nyekundu mbili na nyeupe nne, na maka peni ambazo haziyeyuki mtu akipangusa kwa spiriti. Kwenye nyeupe andika jina la dawa, tarehe na saa, ubandike ncha zote mbili za mpira. Chukua mzigo kabla ya saa kumi, ofisi yao hufunga mapema. Na baada ya usiku wako wa kwanza nipigie, hata iwe saa kumi na mbili asubuhi. Nitakuwa nimeamka nawatayarisha watoto.

Wako daima,
Akinyi