Bima ilipe kwanza, jirani adaiwe baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na kampuni za bima, mabenki na viongozi wetu wa mitaa. Maji ya jirani yakiingia kwako na kuharibu mali, wewe mwenye bima unazungushwa mpaka unachoka. Hili limenipata mimi hapa Mwanga, Kigoma, na wapo wenzangu wa Ujiji waliokwishaacha kudai kabisa.

Nauza vitenge. Duka langu liko chini, juu yangu kuna saluni. Maji huku kwetu ni ya mgao, na mara nyingi yanatoka usiku wa manane. Mchana ule bomba lilikuwa kavu, koki ikaachwa wazi, sinki lilikuwa limeziba kwa nywele, usiku maji yakarudi. Asubuhi nafungua duka, silingibodi imeangukia kaunta na maji bado yanachuruzika kwa kufuata waya wa taa. Rafu za juu zote zimelowa. Asiyefanya biashara hii atasema anika tu, vitakauka. Kitenge cha dukani kikishalowa si kipya tena: ule ukakamavu wake unaisha, karatasi ya nembo inabanduka, na vyenye rangi kali vinachuja, wekundu unaingia kwenye njano. Mama wa Kigoma amezoea vitenge vinavyovuka ziwa kutoka Kongo. Akikigusa kidogo tu anakirudisha mezani.

Bima ninayo. Niliwekewa na benki nilipochukua mkopo, na ada yake nakatwa kila mwaka. Nilipotoa taarifa, wakala akanijibu bila kusita: kosa ni la jirani, kamdai yeye kwanza. Nilipombana akasema bima yangu ni ya moto, mafuriko hayamo.

Mhariri, jibu la kwanza ndilo linaloniudhi zaidi. Mimi na kampuni tuna mkataba wetu, na saluni haimo ndani yake. Kama janga limo kwenye mkataba, kampuni inanilipa mimi, kisha yenyewe inachukua nafasi yangu na kumdai aliyesababisha. Ndivyo bima ya mali inavyofanya kazi. Sitalipwa mara mbili, na wala siombi hivyo. Lakini kunituma mimi nikagombane na jirani ninayepishana naye ngazini kila siku, wakati kampuni ina wanasheria wake, ni kunirudishia mzigo ambao nimelipia ubebwe na mwingine.

La pili nalo lilianguka tulipofungua mkataba wenyewe, ambao nilikuwa sijawahi kuuona kwa sababu unakaa benki. Ni kweli unaitwa wa moto, lakini una majanga mengine yaliyoambatanishwa, na mojawapo ni kupasuka au kufurika kwa matanki, mabomba na vifaa vya maji. Sinki lililofurika ghorofani ni hilo hilo. Mafuriko ni jambo jingine, kama ziwa linapopanda au mvua inapojaza mtaa. Kilichoachwa nje kwa kawaida ni maji yanayovuja polepole kwa miezi na mwenye mali anayaona. Kwa hiyo msomaji ukipatwa, usikubali neno "mafuriko" liandikwe kwenye fomu yako kama si mafuriko. Piga picha maji yakiwa bado yanatoka, na mali iliyoharibika usiitupe wala kuiuza kabla mtathmini hajaiona.

Sasa nije kwa viongozi wetu. Mwenyekiti wa mtaa alituita, akasuluhisha kwa nia njema, na namshukuru, kwa sababu mama wa saluni na mimi bado tunasalimiana. Ila karatasi aliyotuandikia ilikuwa na maneno "wamesameheana na hakuna mwenye madai tena". Nilikataa kutia saini, wakaniona nina roho mbaya. Roho yangu haina ubaya. Ukishaandika kwamba humdai jirani, kampuni nayo imepoteza njia ya kumdai, na hapo inapata sababu ya kukunyima malipo. Tuandikiane kilichotokea, tarehe, na kwamba maji yalitoka juu. Kusameheana tukufanye kwa mdomo na kwa moyo. Na ile sehemu ambayo bima hailipi, kama makato ya awali, yaani kiasi cha kwanza cha hasara ambacho mkataba unakuachia ubebe mwenyewe, bado ni haki yako kumdai jirani. Kesi ya uzembe ina miaka 3 tu.

Kuna jambo lililonishtua kuliko yote. Benki ilikata bima ya kiasi cha mkopo, siyo cha thamani ya mali. Mkataba ukiwa na kipengele cha uwiano, yaani unalipwa kwa kadiri bima yako inavyofikia thamani ya mali, na mingi inacho, mwenye bima ya milioni 10 huku mali yake ni milioni 20, akipata hasara ya milioni 4 atahesabiwa milioni 2, na makato bado. Benki iko salama, maana deni lake limekingwa. Mfanyabiashara ndiye anayebaki na pengo, na hakuna aliyemwambia siku anasaini.

Naziomba benki zitupe nakala ya mkataba wa bima siku ile ile ya mkopo, kwa Kiswahili, na zituulize mali yetu ni ya shilingi ngapi. Naiomba Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, iwakemee mawakala wanaowafukuza wateja kwa mdomo tu. Anayekataa dai aandike barua na ataje kipengele anachokitegemea, maana ukienda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009, utahitaji maandishi mkononi. Mimi yangu nimeshaiomba, na bado naisubiri.

Muuza vitenge (jina limehifadhiwa),
Mwanga, Kigoma