Nyama Hazimfikii: Salamu za Idi ya Mfunguo Tatu

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Idi mbaraka kwenu nyote, wa bara na wa visiwani, mlioko Lamu, Tanga, Ujiji na Bujumbura, hata mlioko Maskati, na nyinyi wa Ulaya ambao mbuzi wenu huagizwa machinjioni mkaletewa nyama mfukoni. Mwenyezi Mungu azitakabali ibada zetu na zenu, na mahujaji awarudishe salama.

Hii ndiyo Idi Kubwa, mwezi 10 (yaani tarehe 10) Mfunguo Tatu, ndio Dhulhija, na salamu zake mara nyingi huishia kwenye pilau. Nyama hugawanywa, ngozi huanikwa, kisu huoshwa kikarudishwa jikoni. Swali lenyewe la siku hii huachwa pembeni: huyu tunayemchinjia anapata nini?

Hapati kitu. Sura ya Hajj, aya ya 37, inasema wazi kwamba nyama za wanyama wanaochinjwa hazimfikii Mwenyezi Mungu, wala damu zao. Kinachomfikia ni ucha Mungu wenu. Wafasiri wanaeleza kuwa Waarabu wa kabla ya Uislamu walikuwa wakiipaka Kaaba damu ya wanyama wao, kana kwamba mzigo lazima uonekane umefika mlangoni kwa mwenyewe. Aya ikaufunga mlango huo. Kuchinja kukabaki, ila maana yake ikageuzwa juu chini: mnyama anabaki huku kwa watu, na kinachopanda ni nia.

Waliosoma chuo cha Qurani watakumbuka zile sifa 20 za wajibu za Mwenyezi Mungu, zinazoimbwa kwa sauti moja mpaka mkeka unatikisika: Wujudi, Qidamu, Baqaa, Mukhalafatu lil-hawadithi, Qiyamuhu binafsihi, Wahdaniya, zikaendelea hivyo. Mtoto huzihifadhi muda mrefu kabla hajazielewa, wala si vibaya. Ya nne ni kwamba hafanani na chochote kilichoumbwa. Ya tano ni kwamba amesimama kwa nafsi Yake: hakuna kinachomshikilia, hakuna aliyemfanya awe, hakuna anachokosa akaletewa. Siku ya kuchinja ndiyo siku ya kuipima hii ya tano, maana mkono wenye kisu unaweza kusahau kilichosomwa na ulimi.

Sura ya Ikhlasi ina aya 4 tu, na ya pili yake ina neno linalowatoa jasho wenye kutarjumi: Samad. Kwa Kiswahili limezoeleka kuwa Mkusudiwa, yaani Yule ambaye kila mwenye haja humwelekea Yeye. Ni tarjuma nzuri, ila inabeba upande mmoja. Upande wa pili ni kwamba anayekusudiwa na wote hana haja na yeyote. Baadhi ya wafasiri wa mwanzo walilieleza neno hilo kwa lugha ya mwili kabisa: asiye na uwazi ndani, asiyekula wala kunywa. Shika maana hiyo, kisha itazame sahani ya maini ya asubuhi ya Idi. Ile ni yetu.

Tukio la sikukuu hii ni la Nabii Ibrahim na mwanawe, na wengi tunalijua kuanzia kwenye ndoto mpaka kwenye kondoo. Lakini kabla ya kisu, Ibrahim alikuwa na mjadala na watu wake juu ya Mungu mwenyewe, umo katika Sura ya An'am, aya 76 hadi 79. Alionyesha nyota, ilipotua akasema hapendi vinavyotua. Ukaja mwezi, ukatua. Likaja jua, nalo kubwa kuliko vyote, likatua. Kilichozama hakikuwa kimewaangalia walio chini wakati wote, sasa kitaabudiwaje? Hapo ndipo akasema amemwelekezea uso wake Aliyeziumba mbingu na ardhi.

Maneno hayo mnayajua. Ni ile "Wajjahtu wajhiya" ambayo sisi wa madhehebu ya Shafii tunafungulia Sala, na katika Sala ya Idi ina mahali pake hasa: baada ya takbira ya kuhirimia, ile Allahu akbar ya kuanzia Sala, kabla ya zile takbira 7. Rakaa ya kwanza ni 7, ya pili ni 5, mbali na ile ya kuinukia kutoka sijda. Kati ya takbira na takbira kuna nafasi ya kusema subhanallah, walhamdulillah, wala ilaha illallah, wallahu akbar. Imamu akizisahau akaanza Fatiha, harudi nyuma, Sala ni sahihi na hakuna sijda ya kusahau. Tunalitaja kwa sababu kila mwaka kuna msikiti ambao watu wa safu ya tatu huanza kumrekebisha imamu kwa kelele, na uso uliokuwa umeelekezwa kwa Muumba ukageukia mzozo.

Sasa kisu. Kwa Shafii ng'ombe awe ametimiza miaka 2, mbuzi miaka 2, kondoo mwaka 1 au awe amebadilisha meno ya mbele kabla ya hapo, ngamia miaka 5. Madhehebu mengine humkubali mbuzi wa mwaka 1. Muuzaji atakuapia umri. Wewe fungua mdomo utazame taya la chini. Mbuzi wa miaka 2 kwa kawaida huwa amekwisha kuota meno 4 mapana ya kudumu pale mbele, na vile vijino vyembamba vya utotoni vimebaki pembeni. Ng'ombe mmoja hutosha watu 7, mbuzi ni wa mtu 1. Mwenye chongo la wazi, mgonjwa wa wazi, kiguru na aliyekonda mpaka hana uboho, hao hawafai. Asiye na haja ya chochote anatolewa kilicho kizima kwa sababu kinachopimwa ni mtoaji. Aliyetafuta mbuzi wa bei rahisi kwa kuwa ana mguu mbovu amejieleza mwenyewe.

Wakati ni baada ya Sala ya Idi mpaka jua la mwezi 13 lizame. Aliyechinja kabla ya Sala, Mtume (s.a.w.) alisema hiyo ni nyama tu aliyowapatia watu wake. Mnyama ni yule yule, kisu kile kile, saa moja tu ya tofauti, na ibada imegeuka kitoweo. Anayedhani Mungu anahesabu kilo za nyama hawezi kuielewa hukumu hii.

Mlaze ubavu wa kushoto, koo lielekee kibla. Kisu kinolewe mapema, tena si mbele ya macho yake. Sema bismillah, Allahu akbar, kisha ukate njia ya pumzi na njia ya chakula zote mbili, na ile mishipa miwili ya pembeni ni sunna kuikata pamoja nazo. Kile kifundo cha koo kibaki upande wa kichwa. Ukikata juu yake hujakata njia ya pumzi, na kwa Shafii mnyama huyo si halali kuliwa. Kosa hili hutokea zaidi kwa vijana wanaomshika mbuzi kidevu wakakata pale karibu na taya. Usimvunje shingo ili afe upesi, wala usianze kuchuna miguu ilhali bado inatupatupa. Anayetajwa juu ya mnyama ndiye aliyemuumba mnyama, na Yeye ndiye aliyeamrisha afanyiwe wema hata katika kuchinjwa.

Jina ndilo linalotenganisha. Kuku wa mzimuni, beberu wa kupunga mashetani, damu inayomwagwa kwenye msingi wa nyumba ili "iwe imara": hapo kisu kinaweza kuwa kikali na bismillah ikatamkwa kwa sauti, lakini aliyekusudiwa ni mwingine, na kilichochinjwa kwa asiyekuwa Mwenyezi Mungu ni haramu kwa nassi, yaani maneno ya wazi, ya Qurani. Wahdaniya, yaani upweke wa Mwenyezi Mungu, inavunjika hapo, na msingi hauwi imara zaidi. Simenti ndiyo inayoushika. Ile kauli maarufu kwamba mbuzi wako wa Idi utampanda kuvukia Sirati, lile daraja la Akhera, nayo tuiache. Riwaya yake ni dhaifu, na inamfanya mtu atafute beberu mnene kama anayenunua pikipiki.

Kwenye kugawa ndiko tunakoteleza zaidi huku pwani. Udhiya, yaani mnyama wa kuchinjwa Idi, ukiwa wa sunna unakula wewe na nyumba yako, unampa jirani zawadi, na maskini anapewa fungu lake. Wengi hupenda kugawa theluthi tatu, na hilo ni jema. Ila kwa Shafii lazima sehemu fulani, hata ikiwa ndogo, imfikie maskini ikiwa mbichi. Kumwalika kwenye pilau hakutoshi. Sababu ni kwamba lazima aimiliki: nyama mbichi anaweza kuipika atakavyo, kuikausha, kuwapelekea watoto wake, hata kuiuza; pilau lako atakula pale pale chini ya jicho lako, kisha aseme asante. Kama uliweka nadhiri ya mnyama huyo, basi wewe na unaowalisha hamli hata ini. Na mchinjaji asilipwe kwa ngozi wala kichwa. Sayyidna Ali aliamrishwa na Mtume (s.a.w.) asimpe mchinjaji ujira kutoka kwa mnyama, na mchinjaji akalipwa kwa mali ya pembeni. Akipewa nyama kama zawadi baada ya kulipwa, hapana ubaya. Ngozi usiuze: tumia, au toa sadaka.

Ambaye hakujaliwa kununua mnyama mwaka huu asijione yuko nje ya sikukuu. Kwa Shafii udhiya ni sunna iliyotiliwa mkazo, si faradhi, na mmoja akichinja nyumbani amewatosha wa nyumba yake. Takbira hazina bei. Zilianza Alfajiri ya siku ya Arafa, mwezi 9, zinafuata kila Sala mpaka Alasiri ya mwezi 13, Sala 23 kwa jumla. Sikiliza lile neno Akbar linavyoachwa wazi: Mkubwa zaidi, na hakutajwi kuliko nini. Chochote utakachokiweka pale, jua la Ibrahim au deni lako la duka, kimekwisha kupitwa.

Basi leteni takbira kwa sauti njiani mnapokwenda kusali, rudini kwa njia nyingine kama ilivyo sunna, na watoto wapeni mkono wa Idi kabla hawajaanza kuuomba. Siku za mwezi 11, 12 na 13 hazifungwi. Ni za kula, kunywa na kumtaja Mwenyezi Mungu.

Taqabbala Allahu minna waminkum. Kullu aam wa antum bikheri.