Faili la kibali lisipokewe bila kuandikwa kilichopungua

Mhariri,

Lawama kwamba Kaunti ya Lamu hukalia vibali vya ujenzi zina ukweli, lakini si ukweli wote. Faili nyingi hufika Mokowe, makao makuu ya kaunti, zikiwa na kasoro tayari, na ofisi huzipokea bila kusema neno. Mwenye nyumba hupanda boti kurudi Faza au Kizingitini akiamini ombi lake linatembea, kumbe limelala tangu siku ile. Baadaye huitishwa karatasi moja. Akiileta, huitishwa nyingine. Hapo ndipo miezi inapopotelea.

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 imempa mwombaji kinga. Kifungu cha 58 kinasema aliyetimiza masharti akikaa siku 60 bila jibu wala pingamizi la maandishi, huhesabiwa kuwa amekubaliwa. Ila kinga hiyo ni ya aliyetimiza. Faili likiwa na pengo, ofisi iliyonyamaza siku zote 60 ina pa kujifichia. Na mwenye kuchoka akaanza kujenga kienyeji, kifungu cha 57 kinamngoja: faini isiyozidi Sh500,000, kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili.

Pengo kubwa huwa kwenye hati ya ardhi, hata pale ramani ya nyumba ilipochorwa vizuri. Kule Mpeketoni na Hindi mtu hununua kipande cha futi hamsini kwa mia kutoka shamba la ekari kadhaa, akabaki na makubaliano yaliyoandikwa mbele ya mzee wa kijiji. Nambari anayoandika kwenye fomu ni ya shamba zima, na jina lililo kwenye hati ni la muuzaji. Kabla ya kufikiria msingi, shamba hilo lataka kugawanywa na mpima ardhi, idhini ya bodi ya ardhi (ombi hupelekwa ndani ya miezi sita tangu makubaliano yalipofanywa), kisha hati mpya. Akitaka kujenga maduka au nyumba za kupangisha, huongeza ombi la kubadilisha matumizi ya ardhi kutoka kilimo.

Mjini Lamu shida ni nyingine. Nyumba bado iko kwa jina la babu aliyekwisha kufariki, na anayeomba kibali ni mjukuu mmoja kati ya warithi wengi. Saini yake peke yake haitoshi. Kwanza mirathi ipitie kwa Kadhi, warithi wajulikane, nao waridhie kwa maandishi. Kama nyumba ni ya wakfu, mwenye kutia saini ni msimamizi wa wakfu, si anayeishi ndani, hata awe amekaa humo miaka arubaini. Upekuzi rasmi kwa msajili wa ardhi hufichua mapema hati iko kwa jina la nani, tena kwa gharama ndogo kuliko ya kuchora ramani. Ajabu ni kwamba watu huanza na ramani.

Na ramani zenyewe? Nyingi zimenakiliwa kutoka Nairobi au Mombasa, zikabadilishwa jina la mwenyewe tu. Utaona nyumba ya mtaa wa Mkomani, hapa Lamu, imeunganishwa na bomba kuu la maji taka, bomba ambalo hatuna. Afisa wa afya ya umma hutaka kuona tangi la maji taka au shimo la choo, kisima kiko wapi, na mita ngapi baina yao. Kipimo cha kawaida ni mita 30, tena mchanga na mawe yetu hupitisha maji upesi. Ramani ya kiwanja ionyeshe nambari ya ploti, vipimo vya kila upande, mshale wa kaskazini, njia ya kuingilia na umbali wa nyumba hadi kila mpaka. Vipimo hivyo vikitofautiana na vya ramani ya upimaji, hata kwa mita moja, faili hurudi. Ghorofa huongeza michoro ya mhandisi: msingi, nguzo, mihimili na vyuma vyake. Wachora ramani wenzangu watanuna nikisema hivi, lakini muhuri wa kuazima, unaopigwa na mtaalamu ambaye hajakanyaga kiwanja, ndio chanzo cha makosa haya.

Ndani ya Mji Mkongwe, ambao umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, michoro hutazamwa pia na Makavazi ya Kitaifa. Huko kinachokataliwa zaidi ni kuipachika nyumba ya simiti juu ya kuta za chokaa. Vyumba vya kale ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake uliamuliwa na boriti ya mkoko, ambayo kwa kawaida haivuki mita tatu. Mchoro wenye chumba cha mita nne kilichoezekwa kwa boriti hauwezi kujengwa. Mwenye nyumba akivunja ukuta wa kati ili apate sebule pana, kisha akamwaga zege juu, uzito wote hushukia kuta za matumbawe ambazo hazikujengwa kwa kazi hiyo, na nyufa huanza kuonekana juu ya milango. Plasta ya simiti nayo hufunga ukuta usipumue. Unyevu wenye chumvi unaopanda kutoka chini hukosa pa kutokea, plasta ikabambuka, na jiwe nyuma yake likaanza kumomonyoka. Kwa hiyo maelezo ya kazi yataje waziwazi: ukuta upi utaguswa, chokaa wapi, boriti wapi. Ukuta ukiwa wa shirika baina ya nyumba mbili, ridhaa ya jirani iambatishwe. Na anayetaka kujenga wikio, yaani chumba kinachovuka juu ya njia, aonyeshe kimo chake kutoka chini, maana punda aliyebeba mawe ya machimbo ya Maweni lazima apite.

Kwa wanaojenga Shela na Manda, kanuni za upimaji hutenga ukanda usiopungua mita 60 kutoka mpaka wa maji makuu pale ardhi ya serikali ya ufukweni inapogawiwa. Kupima siku ya maji mafu, bahari isipojaa sana, ni kujidanganya. Vilima vya mchanga vya Shela tusiviguse kabisa, kwani mvua inayonywea humo ndiyo maji ya visima vya mji.

Ninachotaka kwa kaunti ni karatasi moja. Faili likifika mezani, afisa alipitie papo hapo, aandike kilichopo na kilichopungua, apige muhuri wenye tarehe, nakala moja ibaki kwa mwombaji. Lililo kamili lianze kuhesabiwa siku 60 kuanzia tarehe hiyo. Lenye upungufu lirudi na orodha yote kwa mara moja, na ofisi isiruhusiwe kuitisha baadaye kitu ambacho kingeonekana siku ya kwanza. Kazi hiyo haihitaji waziri wa kaunti; karani aliyefunzwa aweza kuifanya Faza na Mpeketoni. Ada, ambayo hupangwa na Sheria ya Fedha ya kaunti, ibandikwe ukutani, ilipwe kwenye akaunti ya kaunti, wala si mkononi mwa mtu.

Na ombi likikataliwa, sababu ziandikwe na barua ifike haraka. Rufaa kwa kamati ya kaunti ya mipango ya ardhi ni ndani ya siku 14 tangu uamuzi, si tangu barua ilipopokewa. Barua itakayomfikia mtu wa Kiunga wiki ya tatu imekwisha kumnyima rufaa, basi na ipigwe picha, atumiwe kwa simu siku ile ile inapotiwa saini.

Mchora ramani,
Langoni, Lamu