Tulisafiri kwa tanga mpaka Kilwa, sasa naomba tuwasikilize manahodha wetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lenu, na barua ikiwa ndefu naomba mnivumilie tu, maana hili jambo ninalo moyoni tangu mwezi wa kwanza na nisipolisema nitajiona nimemdhulumu mtu.

Mwaka huu mimi na rafiki zangu wanne, wote tumekua pamoja hapa Tanga, tulisafiri kwa mashua ya tanga kutoka Sahare mpaka Kilwa Kisiwani. Sisi sio mabaharia. Mmoja ni fundi simu, mmoja nesi, mmoja anauza samaki pale Deep Sea, mmoja anaendesha bajaji, na mimi nafundisha sekondari. Ukipima kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya kilomita 400, ila baharini huendi mstari ulionyooka, unaingia huku unatokea kule, unalala hapa unasubiri maji pale, kwa hiyo tulitumia siku 13. Mashua ina mita nane na kidogo, mlingoti mmoja, tanga moja lenye viraka, injini haina. Laifu jaketi tulikuwa nazo sita, redio tulikuwa nayo, simu na paua benki ndo usiseme. Na tulikuwa na Babu.

Babu ndo sababu ya barua hii. Jina lake silitaji maana mwenyewe hapendi. Ni nahodha mzee, amevuka miaka 70, ujanani kwake alikuwa anapakia boriti za mikoko Rufiji kupeleka Mombasa, na mashua tuliyopanda ni ya mtoto wa dada yake. Tulipomfuata kumwomba atupeleke alituuliza swali moja tu, mnataka kwenda lini. Tukamwambia katikati ya Januari, shule zikiruhusu. Akanyamaza, akahesabu kwa vidole, akasema hapo tutakuwa mia na sabini na kitu, sawa, kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, imeshakaa.

Mia na sabini na kitu ya nini? Mimi mwalimu mzima sikuelewa. Kumbe Babu anahesabu siku tangu Mwaka, yaani mwaka mpya wa jadi wa pwani, ile Nairuzi ambayo kule Makunduchi wanaifanyia sherehe mwezi wa saba, mwaka wa siku 365, halafu siku zinakwenda kwa miongo, kumi kumi. Mwongo fulani kusi, upepo wa kutoka kusini, inaanza kuchoka, mwongo fulani usitoke na shehena, mwongo fulani kaskazi imekomaa. Hii sio kalenda ya dini wala ya serikali, ni kalenda ya mabaharia na wakulima wa pwani hii na wamekwenda nayo karne na karne, na mimi nilikuwa sijawahi kuisikia darasani hata siku moja, wala kama mwanafunzi wala kama mwalimu.

Basi tukatoka. Alfajiri kuna kile kijiupepo cha bara, chepesi, kinakutoa nje taratibu, halafu jua likipanda kaskazi yenyewe inashika na ukifika alasiri mashua inakimbia kweli. Kwenda kusini na kaskazi mgongoni watu wanadhani ni rahisi. Sio rahisi. Upepo ukiwa nyuma mshika usukani akisinzia kidogo tu tanga linajipiga upande wa pili na ile foromali ni mti mzito unaobeba tanga, ikikupata kichwani ndo basi. Babu alitukalisha chini siku ya kwanza nzima, hakuna kusimama simama. Aliyeshika demani, ile kamba ya kuzuia tanga, anakaa nayo mkononi, haruhusiwi kuifunga fundo, anaizungusha tu ili upepo ukija ghafla aiachie hapo hapo. Kwa siku mbili mikono yangu ilikuwa malengelenge.

Sasa nisimulie ya Pangani, maana pale ndo nilipoelewa.

Tulifika mbele ya mdomo wa mto Pangani kama saa tisa mchana, tumechoka, mmoja wetu ametapika tangu asubuhi na anataka nchi kavu. Simu inaonyesha upepo wa kawaida. Angalizo la Mamlaka ya Hali ya Hewa siku hiyo halikuwepo, na hizi taarifa zao mimi nazifuata na ninawashukuru, wakisema upepo kilomita 40 kwa saa na mawimbi mita 2 huwa wanasema kweli. Kwa hiyo kwa upande wa simu kila kitu sawa, tuingie. Babu akasema hatuingii, shusheni tanga, tutie nanga hapa nje. Tukamwuliza kwa nini Babu, mji ule pale tunauona. Akasema, "Mto unatoka na upepo unaingia. Pale wanapokutana ndipo wanapogombana, na nyinyi mtapita katikati ya ugomvi."

Tukakaa pale saa nzima na nusu tunayumba. Na kweli ukiangalia vizuri unaona mstari mbele ya mdomo wa mto, maji ya udongo yanatoka na kupwa, kaskazi inayasukuma yarudi, na juu ya fungu la mchanga pale mawimbi yanasimama wima mafupi mafupi yanapasuka meupe. Halafu maji yakageuka. Babu hakuangalia saa, aliangalia mashua yetu wenyewe ilivyokuwa inazunguka kwenye nanga, omo, yaani pua ya chombo, ikageuka taratibu, akasema haya pandisheni. Tukaingia Pangani kama tunaingia bwawani, yale mawimbi yamelala, mto umenyamaza. Yule rafiki yetu aliyekuwa anatapika alilia. Mimi pia machozi yalinilenga, nilijua kabisa tungekuwa peke yetu na simu zetu tungeingia saa tisa ile ile.

Pale Pangani tulilala siku mbili, tukaona na Maziwe, kile kisiwa ambacho sasa hivi ni mchanga tu na bamvua, yale maji makubwa, ikija kinafunikwa chote. Babu anakikumbuka kikiwa na mivinje, miti kabisa, wavuvi wanapumzika kivulini. Bahari ilikula mizizi mpaka miti yote ikaisha. Nilikuwa nimeshasoma habari hiyo, ila kuisikia kwa mtu aliyelala chini ya hiyo mivinje ni kitu kingine.

Saadani hadi Bagamoyo nitapita haraka, upepo ulikuwa mzuri na tulikula ngisi mpaka tukachoka. Ila Bagamoyo ufukweni kuna kitu kiliniuma. Vijana walikuja kutupokea, wakatusaidia kuvuta kamba, halafu mmoja akauliza kwa nia njema kabisa, mzungu wenu yuko wapi? Tukamwambia hatuna mzungu, tunasafiri wenyewe. Akasema mnapeleka mzigo gani. Hatuna mzigo. Hakuelewa, na simlaumu. Kijana wa pwani mwaka huu haingii akilini mwake kwamba Mswahili anaweza kupanda chombo cha tanga kwa sababu tu anataka kuijua bahari yake. Kwa wale vijana tanga ni la mtalii, au la mtu asiyekuwa na hela ya injini.

Dar tuliongeza maji na mkaa, tukatoka kabla jiji halijaamka, tukalala kisiwa cha Kwale upande wa Kisiju, halafu ndo tukaingia lile eneo kati ya Mafia na delta ya Rufiji. Hapo Mhariri naomba niseme taratibu kidogo.

Delta ya Rufiji ina mikoko mingi kuliko sehemu nyingine yoyote Afrika Mashariki, na ule mto unaleta udongo usiku na mchana. Kwa hiyo mafungu hayakai mahali pamoja, mwaka huu liko hapa, baada ya masika miwili mitatu limesogea. Manowari ya Wajerumani ile Königsberg ilijificha humo ndani ya delta wakati wa vita kuu ya kwanza, na Waingereza walihangaika nayo miezi mpaka Julai 1915, na moja ya sababu ni hayo hayo maji mafupi, meli zao kubwa hazikuweza kuingia. Rafiki yetu fundi simu alikuwa na ramani kwenye simu, bluu tupu, hakuna kitu mbele. Babu akatoa bildi.

Wengi hamjawahi kuiona. Ni kipande cha risasi kizito kimefungwa kwenye kamba yenye mafundo, kila fundo ni pima moja, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, na chini ya ile risasi kuna shimo dogo. Babu alichukua sabuni ya kufulia ya mche akaikanda na kidole, akalijaza lile shimo, akarusha mbele ya omo. Kamba ikalegea. Pima nne. Akaivuta, akaigeuza, akatuonyesha ile sabuni: imeshika matope meusi laini. Akainusa. Akasema tumekaribia sana bara, sogeza nje. Baada ya nusu saa akarusha tena, pima moja na nusu, na sabuni safari hii imerudi na mchanga mweupe na vipande vya kombe. Ramani bado bluu tupu. Babu akasema hili ni fungu, halikuwepo hapa, rudi kidogo upate matope, ukae kati ya matope na mchanga, hapo ndo njia. Na hivyo ndivyo tulivyokwenda karibu siku nzima, mtu mmoja kazi yake kurusha bildi na kupaka sabuni, na Babu anasoma chini ya bahari kwa sabuni ya mche. Mara moja akaionja kwa ulimi. Hakutuambia alionja nini, nikamwuliza baadaye akasema chumvi ya mtoni na ya baharini sio moja.

Usiku tulipika kwenye debe la mchanga ndani ya mashua, wali na dagaa, nikamwuliza Babu haya umefundishwa na nani. Na mjomba wake, aliyefundishwa na baba yake. Na wewe umemfundisha nani? Akakaa kimya muda. Watoto wake wanne, wawili wako Dar, mmoja Muscat, mmoja ana duka Muheza. Akasema, "Hakuna aliyeniuliza, mwanangu."

Tulipita Songo Songo, kule gesi inakotoka, tukafika Kilwa Kivinje na mwisho Kilwa Kisiwani asubuhi maji yamejaa. Tukatia nanga karibu na ngome ya zamani inayoitwa Gereza, tukatembea mpaka Msikiti Mkuu, tukaenda na Husuni Kubwa, magofu ya jumba la sultani pale juu ya jabali. UNESCO wameyaweka magofu haya kwenye urithi wa dunia tangu 1981, na ni haki yake kabisa. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika hapa mwaka 1331 kwa chombo cha tanga, kwa pepo hizi hizi. Kuta zinafanyiwa ukarabati, zina vibao, zina walinzi, na inatakiwa iwe hivyo. Mimi nilisimama pale nikamwangalia Babu amekaa kwenye kivuli cha ukuta anashona kiraka cha tanga. Kuta zile zilijengwa kwa mali iliyoletwa na elimu aliyonayo yeye, dhahabu ya Sofala na vyombo vya China havikuja kwa miguu, na yeye hana kibao.

Kwa hiyo Mhariri ombi langu ni hili. Tuna chuo cha uvuvi Mbegani pale Bagamoyo, tuna chuo cha bahari Dar es Salaam, ni vyuo vizuri na vinatoa watu wa injini na wa meli kubwa. Naomba wawaite wazee hawa wakakae mbele ya darasa, walipwe kama walimu wengine, wasiulizwe cheti cha kidato cha nne, waulizwe maji ya Pangani yanageuka vipi. Na wavuvi wetu wengi mpaka leo wanatoka kwa tanga na ngalawa, sio wote wenye hela ya petroli, kwa hiyo hii elimu inaokoa roho za watu sasa hivi, mwaka huu, sio mambo ya makumbusho. Sisemi tutupe simu. Sisi wenyewe tulizitumia kila siku, na Babu alipenda sana kuangalia mawingu ya setilaiti, alikuwa anatuomba tumwonyeshe tena na tena.

Na nyie gazeti mna uwezo. Toeni safu, hata robo ukurasa kwa wiki, kila wiki nahodha mmoja aeleze mlango wake anaoujua, wa Moa, wa Mkokotoni, wa Kilindoni, wa Mikindani, unaingiaje, alama zake zipi, mwongo gani usithubutu. Wapo bado. Nendeni tu ufukweni alasiri mtawakuta wamekaa.

Mimi nimeshaanza na wa kwangu. Kila Jumamosi baada ya alasiri nakaa na Babu kwenye benchi pale Sahare, simu katikati yetu inarekodi, na rafiki yetu nesi amejitolea kuandika. Mpaka sasa tumefika Pangani, mlango wa Saadani tutauanza wiki ijayo Mungu akipenda.

Msomaji wenu,
Sahare, Tanga