Barua kwa Numbi: batri sikutumii

Lubumbashi, Katuba, Jumapili jioni

Ndugu yangu Numbi,

Jambo sana. Huku sisi wazima, watoto wazima, Mama Ngoie anamsalimia shemeji na anauliza ile sahani ya kilio itarudi lini. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu unanikatiza kabla sijamaliza, na haya ya leo nataka uyasome mpaka mwisho. Kyungu anapanda basi la Likasi kesho asubuhi, atakuletea barua pamoja na mfuko mdogo mweusi.

Ujumbe wako wa kuomba nikununulie batri nyingine ya gari nimeupata. Sikutumii. Hela yako ninayo, imekaa salama, na duka halijahama. Lakini batri ya tatu inakufa kwenye gari lilelile, Carina yako, na mwaka haujaisha? Hapana, ndugu. Batri hazifi bure hivyo. Kuna kitu kinazila, na nikikutumia ya nne kitaila pia.

Fikiri kidogo. Batri iliyokwisha haipati nafuu kwa sababu mtu amefunga boneti kwa hasira. Siku ya kilio cha Mama Kapend tulikusukuma mpaka shati likalowa, huku wewe umekaa kwenye usukani unatoa amri. Ukipiga ufunguo, "tak", na taa zote za dashbodi zinazimika mara moja. Baadaye ukafungua boneti, ukatikisatikisa waya, ukaifunga paa! Gari likawaka. Hapo ndipo nilipochukua tochi nikainama chini, wakati ninyi mmerudi kula bukari.

Niliuona ule msuko wa shaba unaounganisha injini na bodi. Nyuzi zake nyingi zimekatika, zilizobaki zimeota kutu ya kijani, na boliti yake imekazwa juu ya rangi. Walipopaka gari lile rangi upya hawakukwangua hata kidogo. Umeme wa kuzungusha injini ni mwingi mno, na wote lazima urudi kwenye batri kwa njia ya masi, yaani chuma cha gari na ule msuko. Pakilegea hapo, leo unapita, kesho haupiti, na makanika wako anakuambia "batri".

Katika mfuko mweusi kuna kipimo changu cha umeme. Kiweke kwenye volti, ncha moja iguse kile kichwa cha hasi cha batri yenyewe, si kile kishikio cha waya, na nyingine iguse chuma kitupu cha injini. Shemeji apige ufunguo. Masi nzuri itaonyesha 0.2 hivi au chini yake. Ukiona inapita 0.5, usiulize mtu: kwangua rangi mpaka chuma king'ae, badilisha ule msuko, kaza.

Hiyo ni moja. Ya pili ndiyo inayokula usiku, na hapa tafadhali usicheke.

Unakumbuka ulivyotutambia pale kwa Kalenga kwamba redio yako inaimba hata ufunguo ukiwa mfukoni? Ndugu, huo ndio ugonjwa wenyewe! Gari limetoka Japani na redio inayoishia 90, stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, basi kijana wa sokoni akafunga nyingine. Redio hizo zina waya wa njano, unaokaa na umeme saa zote ili kutunza saa na stesheni, na waya mwekundu, unaopaswa kupita kwenye ufunguo. Kijana mvivu anaisokota yote miwili pamoja, anafunga utepe, anapokea hela yake. Tangu hapo redio haijui kwamba umeshuka garini. Halafu Kalenga, kwa ajili ya ndoa ya mdogo wake, akaongeza ile ampli, mashine ya kukuza sauti, kwenye kofre, kule nyuma kwa mizigo.

Sasa nakuuliza: ukifika nyumbani, redio unaizima kwa kitufe, au unashusha sauti tu mpaka sifuri? Nadhani siku nyingine hivi, siku nyingine vile, na watoto wako ndio kabisa. Ikishushwa tu, ampli inabaki macho usiku kucha bila kupiga hata noti moja. Nusu ampea tu kuanzia Ijumaa jioni mpaka Jumatatu alfajiri ni ampea-saa 30. Batri yako ni ya 45. Ndiyo maana gari linakukatalia Jumatatu, halafu si kila Jumatatu! Ulisema ni baridi ya Juni. Baridi inaongeza, sikatai, lakini mwezi wa kumi baridi ilikuwa wapi?

Na batri ya gari haipendi kushushwa hadi chini. Kila ikilala tupu, inaamka na uwezo pungufu. Hizo mbili ulizotupa, huenda zilikuwa nzima siku unazinunua.

Kwa kulihakikisha hilo: toa ufunguo, toa waya wa hasi, hamisha waya wa kipimo kwenye tundu la 10A, kisha kiweke katikati ya batri na waya ule. Milango ifungwe, nusu saa ipite. Chini ya ampea 0.05 ni kawaida. Ikizidi, chomoa fizibo (fyuzi) moja moja, anza na ya redio, mpaka namba ianguke. Na Numbi, nakujua: USIPIGE UFUNGUO kipimo kikiwa hapo. Utaunguza fizibo yake ya ndani, halafu utaniambia kilikuja kimekufa.

Nilitaka kusahau alternateri, ile inayochaji batri. Injini ikiwaka, batri isome kati ya 13.8 na 14.4. Ikiwa imezimwa na imepumzika, 12.6 imejaa, 12.2 imebaki nusu. Ukiona tofauti kubwa, niandikie kabla ya kumwita yule makanika anayevuta waya wa batri injini ikinguruma, eti anapima alternateri. Siku moja atakuunguzia kila kitu chenye akili ndani ya gari hilo. Mwambie nimesema mimi, haniwezi.

Kipimo kina betri yake ndogo ya volti 9. Hiyo ukiimaliza, nunua, sitakuzuia.

Basi nijibu. Namba ya masi ni ngapi? Redio mnaizimaje, na nani ndiye wa mwisho kushuka? Ile taa ya kofre inazimika kweli ukifunga? Weka simu yako ndani irekodi video, ufunge, uone. Kalenga ameshakulipa ile nusu iliyobaki, au bado anahesabia ampli kama zawadi? Mtoto amemaliza Eksameni ya Serikali vipi, na anataka kuja kusoma huku au bado anaota Kolwezi? Na hela hii niitunze mpaka lini? Mama Ngoie ameshaiona, na anasema bati za jikoni nazo zina matatizo ya kuwaka na kuzima zikinyeshewa. Jibu haraka.

Ndugu yako,
Ilunga