Mjomba, usinunue feni kwanza: barua ya wazi kuhusu pikapu inayochemsha

Shikamoo Mjomba,

Nimesikia unataka kung'oa ile feni ya chuma kwenye pikapu yako ya zamani ufunge ya umeme. Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu wenye magari ya umri huo ni wengi na swali lao ni lilelile. Kabla hujatoa hela, niambie jambo moja tu: gari linachemsha wakati gani?

Kama mshale wa joto unapanda gari likiwa limesimama kwenye foleni, au likipanda mlima taratibu na mzigo, halafu unashuka ukishapata mwendo, hapo kinachokosekana ni upepo na feni inahusika. Kama unapanda ukiwa kwenye kilomita 80 au 100 kwa saa, achana na feni. Kwenye mwendo huo upepo wa barabarani unatosha wenyewe, kwa hiyo tafuta upande wa maji: rejeta imeziba ndani, themostati (mlango wa maji unaofunguka kwa joto) haifunguki yote, mkanda unateleza, taiming (wakati wa cheche za plagi) imechelewa, au mpira wa chini wa rejeta unanywea ukipiga resi kwa kuwa springi yake ya ndani imeoza. Mfuniko wa rejeta nao usiudharau. Wa paundi 15 kwa inchi ya mraba, yaani kama baa 1, unapandisha kiwango cha maji kuchemka kwa takriban nyuzi 20. Raba yake ikishakauka, faida hiyo yote inapotea na utailaumu feni bure.

Tuseme basi ni feni kweli. Uliyonayo sasa imefungwa moja kwa moja kwenye pampu ya maji, na kasoro yake ni kwamba inazunguka taratibu pale unapoihitaji, gari likiwa limesimama, na inakwenda kasi pale usipoihitaji. Tena nguvu inayokula haipandi sawasawa na mzunguko. Mzunguko ukiongezeka mara 2, nguvu inaongezeka mara 8. Ule mngurumo kama wa ndege ukikanyaga mafuta ni nguvu ya injini inayokwenda kupiga upepo.

Kuna watakaokushauri uweke feni yenye mapanga membamba ya chuma yanayojinyoosha injini ikikimbia. Mimi sikushauri. Chuma kinachokunjwa na kunyooshwa kila siku huchoka, nyufa huanzia kwenye ribiti, na panga likikatika linatoka na chochote kilicho mbele yake. Kama tayari unayo, ikague kwa tochi pembeni ya kila ribiti, na kamwe usisimame usawa wa mapanga mtu akipiga resi.

Kwa pikapu inayobeba mzigo, chaguo langu la kwanza ni klachi ya feni inayofuata joto, pamoja na kava kamili la kuelekeza hewa ya rejeta kwenye feni. Umeme ni wa pili. Najua si jibu ulilotaka. Hata hivyo hakuna jambo geni hapa: Peugeot 404 ya miaka ya 1960 ilikuwa tayari na feni inayojiachia yenyewe, yao ikitumia sumaku ya umeme. Klachi ninayoisema mimi haina waya hata mmoja. Ndani ina mafuta mazito ya silikoni, na mbele ina springi bapa iliyojiviringisha. Hewa inayotoka kwenye rejeta ikifika kama nyuzi 75, springi inajisokota, tundu linafunguka, mafuta yanaingia kati ya sahani na feni inashikwa. Ya kawaida ikishika inazungusha feni kwa asilimia 50 hadi 60 ya mzunguko wa shafti. Ya kazi nzito inafika 70 hadi 90. Ikiachia inabaki kwenye 25 hadi 35 hivi. Wewe chukua ya kazi nzito, na feni yenye mapanga yaliyoinamishwa zaidi ili yavute hewa nyingi, iendane nayo, kwa sababu klachi ya kawaida ikibebeshwa feni nzito haidumu. Angalia pia urefu wa shafti yake, maana zipo fupi na ndefu. Ikishafungwa, kati ya pua ya klachi na rejeta ibaki nafasi ya milimita 25.

Klachi iliyokufa inajulikana. Injini ikiwa imezimwa na ikiwa ya moto, zungusha feni kwa mkono: ikijizungusha zaidi ya mizunguko miwili mitatu bila ukinzani, mafuta yametoka. Mstari mweusi wa grisi yenye vumbi kuanzia katikati kwenda nje ni ushahidi mwingine. Ikipwaya mbele na nyuma, bearingi imekwisha na itaondoka na pampu ya maji.

Sasa kava, na hapa nitakuchosha kidogo, kwa sababu ndilo linaloamua kila kitu na ndilo linalokosekana kwenye pikapu nyingi za zamani. Mtu alibadilisha pampu ya maji, akalitoa ili apate nafasi ya spana, asilirudishe. Bila kava, feni inavuta hewa kupitia ule mduara ulio mbele yake tu, pembe nne za rejeta hazifanyi kazi, na hewa ya moto iliyokwisha kupita inazunguka ncha za mapanga na kurudi mbele. Kava lifunike eneo lote la matundu ya rejeta, lisiache mwanya pembeni. Bandika ukanda wa sponji ya raba linapogusana na rejeta. Kati ya ncha ya panga na kava acha milimita 20 hadi 25, usipunguze, maana injini inatikisika kwenye mauntingi zake (raba zinazoibeba). Kwa kina, nusu ya upana wa panga iwe ndani ya kava na nusu iwe nje. Feni ikizama yote ndani, hewa haina pa kutokea pembeni. Ikitoka yote nje, inavuta hewa ya ubavuni badala ya ile ya kwenye rejeta. Na kabla ya kupima lolote, chungulia mauntingi za injini. Ikiwa imechanika, injini itanyanyuka siku ukikanyaga mafuta kwa nguvu na mapanga yatakata kava lako jipya.

Fanya hayo, na kwa wengi safari inaishia hapo.

Zipo sababu halali za kwenda kwenye umeme: umebadilisha injini na shafti ya pampu haielekei tena katikati ya rejeta, nafasi ni finyu, au unavuka maji mara kwa mara na unataka kuizima feni kabla maji hayajapinda mapanga kuelekea rejeta. Kwa hali hiyo, usiichague kwa inchi. Feni ya inchi 16 inayokula ampea 10 haiwezi kazi ya ile inayokula 30, hata boksi lake lidai nini. Zile za kutoka Ford Taurus ya lita 3.8 au Lincoln Mark VIII zinapendwa na wanaojenga pikapu za zamani kwa sababu zinakuja na kava lake na mota ya nguvu. Ifunge nyuma ya rejeta ivute. Ya kusukuma kutoka mbele inaziba upepo gari likiwa mwendoni.

Mota ya nguvu inadai alteneta (mtambo wa kuchaji betri) ya kutosha. Chevrolet C10 ya 1967 hadi 1972 ilitoka kiwandani na alteneta ya ampea 37, na ya hiari ilikuwepo ya 61. Punguza humo umeme wa plagi, taa kubwa na waipa, kisha ongeza feni ya ampea 30, halafu kumbuka kwamba gari likiwa limesimama alteneta haitoi hata nusu ya namba iliyoandikwa. Hapo betri ndiyo inayolipa. Tafuta ya ampea 100 au zaidi, na uliza inatoa ngapi kwenye mzunguko wa chini. Wala usidhani umeme ni wa bure: ampea 30 kwa volti 13.5 ni wati 405, na ukihesabu kinachopotea ndani ya alteneta, mkanda unabeba karibu nguvu farasi 1. Magari ambayo mkondo wote wa kuchaji unapita kwenye geji ya ampea ya dashibodi, kama Dodge za zamani, yana hatari ya ziada, kwani plagi ya nyaya kwenye ukuta wa injini huyeyuka. Pitisha waya mpya mnene kutoka alteneta hadi betri, uwekee fyuzi yake, na dashibodi uweke geji ya volti.

Nyaya za feni ziende hivi. Pini 30 ya rilei (swichi inayobeba umeme mkubwa kwa amri ya umeme mdogo) ipokee moto, yaani umeme wa chanya, kutoka betri kupitia fyuzi iliyo karibu kabisa na betri, ya ampea 40 kwa feni inayokula kama 25. Pini 87 iende kwenye mota. Pini 86 ipate moto ufunguo ukifunguliwa, na 85 iende kwenye swichi ya joto inayoipeleka athi (upande wa hasi). Waya wa milimita 6 za mraba unatosha hadi ampea 30 kwa umbali mfupi; juu ya hapo tumia wa 10, na rilei ndogo ya ampea 40 uiache uchukue ya 70, kwa sababu mota ikianza inanyonya mara kadhaa ya kiwango chake cha kawaida. Athi ipeleke kwenye bloku ya injini au betri, kwenye chuma kilichokwanguliwa, siyo juu ya rangi. Usichukue moto wa mota kwenye waya wa swichi ya ufunguo: mbali na kuuchoma, feni inayoendelea kuzunguka inazalisha umeme wake, na unaweza kuzima ufunguo injini ikagoma kuzimika.

Joto la kuwasha ndilo mafundi wengi hukosea. Themostati ikiwa ya nyuzi 82, feni iwake kwenye 93 na izime kwenye 86 hivi. Ikipangwa kuzima chini ya joto la themostati, haitazima kamwe. Namba hizo ni za swichi iliyo upande wa injini. Ikiwa kwenye tenki la rejeta ambako maji yameshapoa, punguza nyuzi 5 hadi 8. Ile sindano ya kuchomeka kati ya matundu ya rejeta iache, inasoma ovyo na huchomoka. Swichi inayopata athi kwa mwili wake usiizungushie tepu nyingi nyeupe ya mabomba, utaikatia athi.

Kitu kimoja kidogo kinachoua pampu: ukitoa feni ya zamani na spesa yake (kipande kinachoisogeza mbele), bolti zilizobaki ni ndefu mno. Ukizirudisha kukaza puli peke yake, zinagota mwisho kabla hazijaibana, au ncha zinatokeza nyuma na kukwaruza pampu. Puli inaanza kucheza, mkanda unalia, na watu wanabadilisha mkanda. Weka bolti fupi zenye washa za springi, uzungushe puli kwa mkono duru nzima uone kama inagusa popote. Na feni yenyewe ifunge kwa vyuma kwenye fremu ya rejeta, ikiwa na washa za raba. Zile kamba za plastiki zinazopenyezwa katikati ya rejeta zinasaga mirija hadi itoboke.

Ukimaliza, washa feni na uweke karatasi mbele ya rejeta. Inapaswa kunata. Ikipeperushwa, umegeuza chanya na hasi. Kisha pima volti kwenye plagi ya feni ikiwa inazunguka, ulinganishe na betri. Tofauti isizidi 0.5. Ukikuta 13.8 kwenye betri na 12 kwenye feni, usinunue feni kubwa zaidi, kafungue athi na viungio. Baada ya dakika 10 shika waya, fyuzi na rilei. Kilicho cha moto hadi huwezi kukishika ni chembamba au hakijabanwa vizuri.

Klachi ukiinunua leo na kuifunga mwezi ujao, ihifadhi ikiwa imesimama kama inavyokaa kwenye injini. Ukiilaza, silikoni inahamia kwenye bearingi na kuvuja kabla haijafanya kazi hata siku moja.